Oleanda kwa bustani isiyo na maji ya kutosha

Mtu anayetaka maua karibu mwaka mzima jijini Dar es Salaam, ilhali maji ya bomba huja kwa mgao na ya boza ni ghali, simshauri aanze na mawaridi. Namshauri afikirie oleanda, kichaka chenye majani membamba na magumu na maua meupe, mekundu au ya pinki, ambacho kwao ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Huko huota kando ya mito ya msimu inayokauka kabisa kiangazi. Mizizi yake hufuata unyevu ulioko chini, na matundu ya kupumulia ya jani yamejificha ndani ya vishimo vyenye vinyweleo, hivyo hayapotezi maji ovyo hata jua la Januari linapowaka.

Kwa sababu hiyo sinyunyizi kidogo kidogo kila jioni, maana mizizi huzoea kubaki juu. Mche mchanga naupa ndoo nzima mara mbili kwa wiki hadi ushike, kisha napunguza. Mchanga wa Kigamboni na upepo wenye chumvi haviusumbui. Kinachoudhoofisha ni kivuli, kwani chini ya mwembe utarefuka tu bila kuchanua. Maua hutokea kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo pogoa yanapokwisha. Vidukari vya njano vikijazana kwenye machipukizi, maji ya sabuni yanatosha.

Jambo ambalo wauza miche wa kando ya barabara hawalisemi sana ni kwamba kila sehemu yake, mbichi au kavu, ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na mbuzi anaweza kufa kwa majani machache tu. Napogoa nikiwa nimevaa glavu, sichomi matawi pamoja na takataka kwa kuwa moshi wake nao una sumu, na vijiti vyake havifai kabisa kwa mishikaki. Hata chupa ya maji ninamooteshea vipandikizi haikai jikoni, kwani sumu huingia katika maji hayo. Penye mtoto anayetambaa au mbuzi wanaozurura, ningepanda bogenvilia, ambayo nayo huvumilia ukame, na miiba yake naiona adha ndogo zaidi.