Askari Apimwe kwa Kazi Yake: Majibu kwa Barua Zenu

Katika safu iliyopita nililaani uamuzi wa serikali ya Marekani wa kuwaondoa jeshini askari waliobadili jinsia. Barua zimekuja nyingi, kutoka Makorora mpaka Korogwe, na nyingi ni za hasira. Nimezisoma zote. Hizi hapa nimezifupisha, na majina nimeyaondoa, maana mada hii kwetu inaweza kumponza mtu.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu kamaliza kidato cha sita, kapangiwa mujibu, yale mafunzo ya JKT ya lazima, kambi ya Maramba. Wewe unatetea hao watu waingie jeshini, walale hanga moja, bweni moja, na watoto wetu. Ungekuwa mzazi ungekubali? – Mama, Makorora

Marahaba, mama. Mimi ni mzazi pia, na hofu yako naijua. Mtoto anaondoka na begi lake kwenda kulala na watu asiowajua, nawe huna la kufanya ila kusubiri simu. Lakini tuseme wazi unachokiogopa. Unaogopa mwanao asishikwe bila ridhaa yake, asitishwe, asitumiwe na mtu mwenye cheo. Hayo ni makosa, na mara nyingi wanaoyafanya ni wanaume dhidi ya wasichana. Kinachomlinda mtoto wa kike na wa kiume ni kanuni inayomshughulikia kila anayefanya hivyo, awe anapenda wanawake au wanaume.

Uingereza walipita njia hii, kwa askari wapenzi wa jinsia moja, ambao walikuwa wamepigwa marufuku jeshini. Wakubwa wa jeshi lao walikuwa na hoja kama yako: vyumba ni vya pamoja, mabafu ni ya pamoja, haitawezekana. Askari waliofukuzwa wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, wakashinda Septemba 1999, na tarehe 12 Januari 2000 marufuku ikafutwa. Badala yake ikawekwa kanuni moja ya mwenendo kwa wote: je, ulichokifanya kimeharibu, au kinaweza kuharibu, kazi ya kikosi? Anayemsumbua mwanamke na anayemsumbua mwanamume wanapimwa kwa kipimo hicho hicho. Wizara yao ya Ulinzi ilipokagua baadaye, haikuona kwamba uwezo wa jeshi kupigana umepungua. Wala si ajabu. Watu wale walikuwamo mahangani tangu zamani, ila sasa hawakulazimika kujificha.

Mwalimu, jeshi si mahali pa majaribio. Nimevaa kombati miaka mingi. Ukileta mambo haya nidhamu inakufa. – Mstaafu, Pongwe

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu nidhamu wewe ni mwalimu wangu, kwa hiyo nakurudisha kwenye tukio unalolijua vizuri kuliko mimi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, ambako leo tunakuita Lugalo. Walitaka mishahara iongezwe, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke, Waafrika wapewe vyeo. Uasi ule ulikuwa kosa, watu walikufa Dar es Salaam, na serikali changa ikapata aibu ya kuwaomba Waingereza waje kuuzima. Sitetei bunduki kugeuzwa dhidi ya wananchi. Nauliza tu ni kitu gani kilikuwa kimeoza mle kambini kabla ya siku ile. Askari alijua kwamba hata awe hodari namna gani, rangi yake imeshamwekea kikomo. Nidhamu ilikuwa imeanza kufa tangu hapo, mzee wangu, na JWTZ ilipoundwa Septemba mwaka ule ilibidi ijengwe upya kwa msingi mwingine kabisa.

Marekani nako, Rais Truman alipoamuru mwaka 1948 kwamba askari weusi na weupe watendewe sawa, wapo majenerali waliosema mzungu hatakubali kulala karibu na mweusi na kikosi kitasambaratika. Hakikusambaratika. Uholanzi iliwaruhusu wapenzi wa jinsia moja jeshini tangu 1974. Kanada ilifuata 1992, baada ya ofisa kijana, Michelle Douglas, kuishtaki serikali iliyomfukuza kwa kuwa anapenda wanawake. Australia ilifuta marufuku yake mwaka huo huo. Majeshi hayo yote yameingia vitani tangu wakati huo, na kwata yanapiga.

Naomba utueleze Marekani sheria ni ipi. Leo wanaruhusu, kesho wanakataza. – Mwanafunzi wa chuo, Tanga mjini

Una haki ya kuchanganyikiwa, maana kuna historia mbili na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni ya wapenzi wa jinsia moja. Mwaka 1975 sajini wa jeshi la anga, Leonard Matlovich, aliyejeruhiwa Vietnam na kupewa nishani, aliwaambia wakubwa wake kwamba yeye anapenda wanaume. Wakamfukuza. Kaburi lake liko Washington, na maneno aliyoagiza yachongwe juu ya jiwe yanasema kwamba jeshi lilimpa nishani kwa kuua wanaume wawili, likamfukuza kwa kumpenda mmoja. Mwaka 1993 ikaja sheria iliyojulikana kama Usiulize, Usiseme: wakubwa wasikuulize, nawe usiseme, ila ukijulikana unaondoka. Sheria hiyo iliwaondoa watu zaidi ya 13,000. Miongoni mwao walikuwemo wakalimani wa Kiarabu, tena wakati ambao nchi yao iko vitani Iraki na inawatafuta watu wanaojua Kiarabu kwa udi na uvumba! Rais Obama alisaini kuifuta Desemba 2010, na ikafa rasmi tarehe 20 Septemba 2011. Upande huu haujarudi nyuma. Mpenzi wa jinsia moja anatumikia jeshi la Marekani bila kujificha.

Ya pili ni ya waliobadili jinsia, na hii ndiyo inayokwenda mbele na nyuma. Waliruhusiwa Juni 2016. Rais Trump akatangaza kuwazuia 2017, na zuio likaanza Aprili 2019. Biden akalifuta Januari 2021. Trump aliporudi madarakani akasaini amri mpya Januari 2025, na Mei mwaka huo Mahakama ya Juu ikaruhusu amri itumike huku kesi zikiendelea. Kuna watu waliojiunga wakiambiwa karibu, wakapandishwa vyeo, wakapelekwa nje ya nchi, kisha wakaambiwa hawafai. Hawakuwa wameshindwa kazi. Aliyebadilika ni mwenye kalamu.

Tuache siasa. Waliobadili jinsia ni gharama: dawa, upasuaji. Jeshi si hospitali. – Mfanyabiashara, Ngamiani

Hesabu ilishafanywa. Mwaka 2016 taasisi ya RAND, iliyoagizwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilikadiria kwamba matibabu yao yangeongeza kati ya dola milioni 2.4 na milioni 8.4 kwa mwaka, yaani nyongeza isiyofika hata sehemu moja ya mia mbili ya bajeti ya afya ya askari walio kazini. Na askari yeyote hutibiwa: goti, meno, kisukari, uzazi.

Lakini mimi sitaki tuishie kwenye pesa. Korea Kusini kulikuwa na sajini, Byun Hui-su, dereva wa kifaru. Alifanyiwa upasuaji wa kuwa mwanamke, na Januari 2020 jeshi likamwondoa, likihesabu mwili wake mpya kuwa ulemavu. Alikwenda mbele ya waandishi wa habari akiwa na sare yake, akapiga saluti, akaomba aachiwe aendelee kuilinda nchi yake. Alikuwa na umri wa miaka 20 na kidogo, anazuia machozi mbele ya kamera. Machi 2021 alikutwa amefariki nyumbani kwake. Oktoba mwaka huo mahakama ya Daejeon ikaamua kwamba kumwondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Mwaka 2024 akazikwa upya kwa heshima katika makaburi ya taifa. Ndugu yangu, kifaru kilikuwa na dereva aliyefunzwa, anayeijua kazi na kuipenda. Niambie gharama ilikuwa wapi.

Dini yangu inakataza. Yako haikatazi? – Muumini, Duga

Sitoi fatwa, sina elimu hiyo. Najua tu kwamba mlevi na mzinzi hawafukuzwi jeshini kwa dhambi zao. Wanaadhibiwa wanapoharibu kazi. Najua pia kwamba kumdhulumu mtu riziki aliyoitolea jasho ni haramu katika dini zote mbili tunazozishika hapa Tanga.

Hayo ni ya Wazungu, Mwalimu. Afrika hayapo. – Dereva wa bajaji, Chumbageni

Yapo, kijana wangu. Jeshi la Afrika Kusini chini ya makaburu liliwaita vijana kwa lazima, na waliogundulika kupenda wanaume wenzao baadhi yao walipigwa shoti za umeme katika hospitali ya jeshi, eti kuwatibu. Waliofanya hivyo ni wale wale waliokuwa wakiwaua wapigania uhuru tuliowahifadhi hapa nchini. Nchi ilipokombolewa, Katiba ya 1996 ikakataza kumbagua mtu kwa sababu ya anayempenda, na katazo hilo linalifunga jeshi lao kama linavyozifunga ofisi nyingine za serikali.

Mtu kashafukuzwa miaka 30 iliyopita, ya nini kuja kuomba msamaha leo? – Mama lishe, Raskazone

Mwulize Joe Ousalice. Alikuwa mtu wa redio katika jeshi la maji la Uingereza kwa karibu miaka 18, alipigana vita vya Falklands. Walipomfukuza mwaka 1993, nishani yake ya utumishi mrefu na mwenendo mwema ilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye sare. Alikwenda mahakamani, na akarudishiwa mwanzoni mwa 2020, mzee tayari. Julai 2023 Waziri Mkuu wao alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba ya dola, baadaye ikaahidiwa fidia, pauni 50,000 kwa kila aliyefukuzwa. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Ndiyo sababu ya kuomba mapema, dada.

Nilikwenda mujibu. Nilipenda kwata, nilipenda porini, kwenye shabaha nilikuwa wa kwanza kombania nzima. Afande akaniambia niombe kujitolea niingie jeshi. Sikuomba, kwa sababu najijua nilivyo na niliogopa siku moja watajua. Sijawahi kumwambia mtu. Nilikosea? – Bila jina

Hukukosea, mwanangu. Barua yako nimeirudia kuisoma kuliko zote.

Nitakwambia ukweli wa sheria kwanza, maana usalama wako unatangulia. Kifungu cha 154 cha Kanuni za Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa tendo la ngono kinyume cha maumbile. Sheria hiyo inaadhibu tendo. Haiadhibu hisia, wala sauti, wala namna mtu anavyotembea. Lakini huku mtaani watu hawasubiri ushahidi, nawe unalijua hilo. Kwa hiyo usimweleze mtu kwa kushinikizwa. Picha na ujumbe usiotaka uonwe usikae kwenye simu. Akitokea mtu anakutishia kukutangaza usipompa hela, usimpe, kwa sababu atarudi. Tunza alichokuandikia, umwone wakili.

Kisha nataka nawe uwasaidie wenzio kuelewa jambo moja. Kwa miaka mingi serikali za nje zilisema watu kama wewe ni hatari kwa siri za jeshi, kwa sababu adui anaweza kuwatisha. Lakini adui alipata wapi hiyo silaha? Aliipata kwenye marufuku yenyewe. Askari asiyekuwa na cha kupoteza akijulikana, hatishiki. Uingereza polisi wa jeshi walikuwa wakipekua makabati na barua za askari wenzao kutafuta nani anampenda nani, na muda huo wote haukutumika kulinda chochote.

Naitaka nchi yangu ikuhitaji kwa shabaha yako. Kwa sasa siwezi kukuahidi hilo, na kukudanganya nitakuwa nakuweka hatarini. Ila nitaendelea kuliandika, na wewe usijione kuwa umekimbia. Kombania imepoteza mlenga shabaha wake bora, na hiyo si hasara yako peke yako.

Mwalimu shikamoo. Mimi ni binti, nimepangiwa Mgambo. Nina sauti nzito na nakata nywele fupi, mtaani wananiita tomboi. Sina mambo hayo, lakini naogopa wataniona ninayo na watanionea. – Mhitimu, Muheza

Marahaba mwanangu. Umeona sasa, ubaguzi ukishaachiwa hauchagui. Unamkamata na asiyehusika, kwa sauti tu.

Doso za kuruta, yaani adhabu za mazoezi, utazipata kama wenzio, hizo zimeze. Lakini ukipewa adhabu kwa sababu ya sura yako, au mtu akitaka "kukuhakiki" mwili, hilo si zoezi. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu yeyote kuteswa au kupewa adhabu zinazomtweza na kumdhalilisha, na kambi iko ndani ya Tanzania. Siku ya kwanza mjue afande wa kike anayehusika na hanga lenu na mkuu wa kombania yako. Likikufika, andika tarehe, saa, nani alikuwepo, kisha kwanza mwambie huyo afande wa kike, na asiposikia panda juu. Tafuta rafiki mmoja wa kwenda naye kisimani na chooni usiku. Mama yako mweleze hofu hii kabla hujaondoka, na namba yake ishike kichwani, maana simu huenda usiruhusiwe kukaa nayo.