Bango Lako Umemwandikia Nani?

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mgeni anayeishi Uganda ana haki ya kuandamana, na kama sisi wenye nchi tunapoandamana kwa sababu ya wageni tuna mpaka wowote. Naanza na la pili, maana ndilo lililowahi kumwaga damu.

Aprili 2007 watu walijaa barabara za Kampala kuutetea msitu wa Mabira. Serikali ilitaka kumega hekta zipatazo 7,100, karibu robo ya msitu wote, iipe kampuni ya sukari ya Lugazi, iliyo chini ya kundi la Mehta, ipande miwa. Hoja ya waandamanaji ilikuwa safi kabisa, kwani Mabira ni hifadhi, si shamba la mtu. Lakini Mehta ni familia yenye asili ya India, na katikati ya maandamano hasira ikahama kutoka kwenye mkataba ikaenda kwenye rangi ya ngozi. Mhindi mmoja aliyekuwa kwenye pikipiki akapigwa mawe hadi akafa. Maduka yakavunjwa, Wahindi wengine wakajificha hekaluni mpaka polisi wakaja kuwatoa. Watu wengine pia walikufa siku ile. Sasa mtu aniambie, yule wa pikipiki alikuwa amekata mti gani?

Kuna upande mwingine wa kisa hichohicho ambao husimuliwa kidogo. Watu walitumiana ujumbe kwenye simu: msinunue sukari ya Lugazi. Ufalme wa Buganda na dayosisi ya Kianglikana ya Mukono wakajitolea kutoa ardhi nyingine ili msitu ubaki. Mpango ukawekwa kando, ukafufuliwa 2011, ukapingwa tena. Kususia sukari kulimlenga aliyeutaka msitu. Jiwe lilimpata mpita njia. Hapo ndipo naona mpaka mnaouuliza: bango liwe na anwani, na anwani hiyo iwe ya aliyetoa uamuzi.

Halafu hilo neno "mgeni" tunalitamka kirahisi mno. Mimi nauza mitumba Busia, mpakani. Nilikuwa kwenye foleni ya ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa, nikamsikia karani akimwuliza mzee mmoja kabila, ukoo, kisha babu yake alizikwa wapi. Mzee akanyoosha kidole: "Pale ng'ambo." Alikuwa anaonyesha Kenya, na paa za mabati za huko zinaonekana ukiwa umesimama palepale. Karani akaisogeza fomu yake pembeni, akaita mwingine. Katiba ya 1995 inatambua kuwa raia wa kuzaliwa yule aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii zilizokuwamo nchini tarehe 1 Februari 1926. Orodha yake kwenye Katiba ilikuwa na jamii 56, mwaka 2005 zikafika 65. Wasamia wamo, na ndugu zao wako pande zote mbili za mpaka. Wamaragoli hawamo, ingawa wapo walioishi Kiryandongo na Masindi vizazi kadhaa, na kupata kitambulisho kumewasumbua sana. Kwa hiyo ukipaza sauti "wageni watoke", jirani yako anaweza kuwa mgeni kwa sababu ya ukurasa mmoja tu.

Na tumeshawatoa wageni si mara moja. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi kutoka Kenya. 1972 Amin akawapa Waasia siku 90. 1982 Wanyarwanda wa Ankole wakachomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe, na miongoni mwao walikuwamo raia halali wa Uganda. Wazee wetu bado wanawakumbuka mafuta mingi, wale waliogawiwa maduka ya Wahindi wakauza kilichokuwamo hadi rafu zikabaki tupu. Mwananchi wa kawaida aliyekuwa akishangilia barabarani hakupata hata kopo la samli.

Sasa swali lenu la kwanza. Ibara ya 29 ya Katiba inampa "kila mtu" haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Haisemi raia. Ila Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamkataza mkimbizi kufanya siasa ndani ya Uganda. Tuna wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, hakuna nchi ya Afrika inayotuzidi, na wengi wao wanalishwa kwa mgao ambao umepunguzwa mara kwa mara. Akina mama wa Nakivale wakisimama na sufuria tupu mbele ya ofisi ya kambi, hiyo ni siasa? Kwangu mimi hapana. Wakimfanyia kampeni mgombea wetu wa ubunge, hapo sheria iwaambie basi.

Polisi nao wasijifanye hawahusiki. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya 2013 ya kusimamia mikutano ya hadhara, lakini hadi leo kijana akibeba karatasi kuelekea Bunge anaishia nyuma ya gari la polisi. Ukimzuia mwenye hoja asiifikishe ofisini, usishangae akiimalizia kwa mwenye duka.

Najua wafanyabiashara wenzangu wa Kikuubo, Kampala, wanalalamika kuhusu Wachina wanaokuja kwa jina la uwekezaji kisha wanauza rejareja. Wana haki. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa ajili ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kodi, na serikali ikalazimika kukaa nao mezani. Wafunge tena, waandike kwenye mabango jina la ofisi iliyotoa leseni, na taarifa ifike polisi mapema. Nitapanda basi niende. Nikiona bango moja tu la "Wachina rudini kwenu", nageuza siku hiyohiyo nirudi kwenye mitumba yangu.

Msomaji, Busia