Kizunguzungu cha kitandani: muone kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) kabla ya kuwekewa serumu

Huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukisema una kizunguzungu, majibu huwa mawili: malaria au tansio, yaani shinikizo la damu. Mimi nilitibiwa yote mawili na serumu (dripu) juu yake, ilhali kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu na tansio ilikuwa ya kawaida. Kila nilipoinua macho kuangalia kama serumu imekaribia kwisha, dari ilianza kuzunguka upya.

Kine ndiye aliyenitoa huko. Wengi tunadhani kazi yake ni kunyoosha waliovunjika miguu au waliopooza, basi. Huyu aliniuliza maswali mawili ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza: kinakuchukua muda gani, na kinaanza ukifanya nini? Changu hakikufika dakika moja. Kilinishika nikilala, nikijigeuzia upande wa kulia, nikianika nguo, au nikiinua kichwa kuandika tarehe juu kabisa ya ubao darasani. Nikitulia, nacho kinatulia.

Akanikalisha kitandani miguu imenyooka, akanigeuza kichwa kulia nusu ya njia kuelekea begani, kisha akanilaza haraka, kichwa kikining'inia kidogo kuvuka ukingo wa kitanda. "Mama, usifumbe macho hata ukiogopa." Niliogopa kweli, nikamshika mkono kama mtu anayeanguka kutoka mlima wa Kadutu hapa mjini. Dada yangu aliyenisindikiza anasema macho yangu yalikuwa yakirukaruka yenyewe. Hicho ndicho kine alichokuwa anatafuta. Kipimo hicho kinaitwa Dix-Hallpike, na hakihitaji mashine yoyote, ni kitanda na macho ya anayejua.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo sana za kalsiamu kabonati zinazotusaidia kuhisi kichwa kimeinama au kimesimama. Zikibanduka, kwa sababu ya umri, kugongwa kichwani, au bila sababu inayojulikana, huingia kwenye mmoja wa mifereji mitatu yenye majimaji. Ukigeuza kichwa zinateremka, zinasukuma yale majimaji, na ubongo unaambiwa unazunguka wakati umelala tuli. Hakuna kidonge kinachoweza kuzirudisha mahali pake. Zinarudishwa kwa kugeuza kichwa hatua kwa hatua, kwa njia aliyoichapisha mwaka 1992 daktari wa masikio wa Marekani, John Epley.

Kwa sikio la kulia inakwenda hivi: kutoka pale ulipolazwa, unangoja kizunguzungu kiishe, kama nusu dakika au zaidi. Kichwa kinageuzwa kushoto bila kuinuliwa. Unangoja. Unajilaza ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu. Unangoja tena, halafu unaketi polepole, kidevu kifuani. Mara ya kwanza fanyiwa na anayejua, hasa kama shingo yako ni mgonjwa au hujui sikio gani lina shida. Watu watakwambia baada ya hapo ulale umekaa siku kadhaa. Kine wangu alisema si lazima, nami nikalala kama kawaida.

Siku zilizofuata sikuzunguka tena, ila nilikuwa nayumba. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanakaa nyumbani kitini wakiogopa. Ubongo unahitaji kichwa kitembee ili ujizoeze. Nilipewa zoezi la kuandika herufi moja kwenye karatasi, kuibandika ukutani, kuikazia macho huku nikitikisa kichwa kushoto na kulia, kwanza nimekaa, baadaye nimesimama. Kisha kutembea nikigeuza kichwa huku na huku. Hilo nililifanya uani penye tambarare. Mitaa yetu ni miteremko mitupu, na mwendesha moto (pikipiki) hakungoji umalize mazoezi.

Kuhusu vidonge vya kizunguzungu: vinaweza kupunguza kichefuchefu siku mbaya, lakini ukivimeza wiki kwa wiki vinachelewesha ubongo kuzoea. Muulize daktari kabla ya kununua boksi lingine.

Na si kila kizunguzungu ni cha kine. Kinachokushika ukisimama ghafla tu kinaweza kuwa tansio ya chini au upungufu wa damu. Kinachodumu siku nzima bila kukatika ni cha daktari. Kikija pamoja na ulimi mzito, uso uliopinda, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu uliokosa nguvu, kuumwa sana kichwa kwa ghafla, au sikio lililoziba ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Hiki cha chembe kina tabia ya kurudi, hata baada ya miaka. Kikirudi, kumbuka ulijigeuzia upande gani kilipokushika, umwambie kine jambo hilo kwanza. Si lazima liwe sikio lilelile la mwanzo.