Ravilious: mchoraji au mbunifu wa vikombe?

Mliandika kwamba msanii huyu Mwingereza alifia Ufaransa, mkauliza kama alikuwa mchoraji au mbunifu wa vikombe. Vyote viwili, ila mfinyanzi hakuwa. Eric Ravilious (1903–1942) alichora tu. Kiwanda cha vyombo vya kauri cha Wedgwood ndicho kilichohamishia michoro yake kwenye vyombo. Kikombe cha kuadhimisha kutawazwa kwa mfalme alikibuni mwaka 1936 kwa ajili ya Edward VIII, ambaye mwisho wa mwaka huohuo akakiacha kiti cha ufalme kabla hata ya kutawazwa. Mchoro haukutupwa: ulirekebishwa ukatumika kwa George VI mwaka 1937, kisha tena kwa Elizabeth II mwaka 1953, Ravilious mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Ndiyo maana watu hubishana kuhusu tarehe.

Mandhari ndiyo kazi yake kubwa, kwa maoni yangu: rangi za maji, vilima vya chokaa vya Sussex, kusini mwa Uingereza, rangi zimepaushwa kama kanga iliyofuliwa sana. Jumba la sanaa la Towner, pale Eastbourne alikosomea mwanzo, lina mkusanyiko mzuri wa kazi hizo. Baadaye alifundishwa na mchoraji Paul Nash huko Royal College of Art, chuo cha sanaa cha London. Alichonga pia picha kwenye mbao. Wale mabwana wawili wanaocheza kriketi kwenye jalada la Wisden, kitabu cha kila mwaka cha kriketi, tangu 1938 ni wake.

Na hakufia Ufaransa kama mlivyoandika. Alikuwa msanii rasmi wa vita, yaani aliyetumwa na serikali kuchora vita, akapotelea karibu na Iceland Septemba 1942, ndani ya ndege iliyokwenda kutafuta ndege nyingine iliyopotea.