Bistro ndogo za Paris: nenda mchana, na usichokula kiseme mapema

Ukifika Paris na una hela ya mlo mmoja tu wa maana, usizimalizie kwenye migahawa inayotazama mnara wa Eiffel. Tafuta bistro ndogo, yenye meza chache, vyakula vimeandikwa kwa chaki ubaoni na mpishi unamwona akikaanga. Mwaka 1992 Yves Camdeborde, aliyekuwa mpishi katika hoteli ya kifahari ya Crillon, alifungua bistro iitwayo La Régalade pembezoni mwa jiji, akapika kwa ustadi ule ule kwa bei nafuu. Wapishi wengi vijana wakamfuata. Leo bistro za namna hiyo utazikuta nyingi eneo la 11 (maeneo ya Paris huitwa kwa namba), ikiwemo Septime ya mtaa wa rue de Charonne.

Mimi huenda mchana. Mpishi ni yule yule, bei hushuka. Ila uwe umeketi kabla ya saa saba na nusu, kwani ikigonga saa nane na kitu jiko hufungwa hadi jioni. Mwezi wa Agosti, bistro nyingi hufunga kabisa. Meza agiza wiki kadhaa mapema. Wenye bistro wengine huchukua namba ya kadi yako ya benki na kukukata pesa usipotokea. Ni haki yao. Penye meza chache, moja ikibaki tupu ni hasara.

Hapo hapo unapoagiza meza, andika usichokula. Waislamu wenzangu, hili nawasisitizia sana. Vipande vya nguruwe huwekwa kwenye saladi na hata kwenye dengu, ng'ombe hupikwa kwa divai nyekundu, mchuzi wa samaki mara nyingi huanzia kwenye divai nyeupe. Ukisema umeshaketi, mpishi hana la kubadili. Mimi nilisema mapema, nikaletewa samaki aliyekaangwa kwa siagi na limau tu, ngozi kavu inavunjika kwa uma, nyama ndani ingali na majimaji. Mhudumu alinieleza kila kilichomo kabla sijauliza.

Ukiingia, anza na "bonjour", salamu yao, kisha ngoja uoneshwe meza. Ni kama hodi kwetu. Asiyeisema huhudumiwa kwa baridi. Omba "une carafe d'eau", maji ya bomba kwenye jagi, hayalipiwi, na mkate pia. Ada ya huduma imo tayari kwenye bei, bakshishi ni hiari yako. Bili haiji mpaka uiombe, maana kukuletea hujaomba wanaona ni kukufukuza.