Chevening bila ajira ya kudumu: omba

Dada, umeuliza kama GPA ya 3.6 na miaka ya kujitolea bila ajira ya kudumu inakutoa kwenye Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza wa kwenda kusoma shahada ya uzamili huko. Haikutoi. GPA yako ni daraja la pili la juu, na uzoefu wanaoutaka ni miaka miwili, yaani saa 2,800, ambazo unaweza kuzijumlisha kutoka sehemu mbalimbali: kujitolea, mikataba mifupi, kazi za muda. Ila mafunzo kwa vitendo yaliyokuwa ya lazima chuoni usiyategemee.

Nguvu zako ziweke kwenye insha, hasa ya uongozi. Wengi huandika "mimi ni kiongozi mwenye maono" na kuishia hapo. Wewe umesema ulikuwa zahanati. Basi eleza kadi za kliniki zilikuwa zinapoteaje, ulimshawishije mganga mfawidhi akubali rejista mpya, nani alipinga, na baada ya hapo akina mama walisubiri muda gani. Msomaji akuone ukifanya kazi. Na tafadhali, usinakili insha za walioshinda zinazosambazwa WhatsApp. Ni rahisi kugundulika, na stori yako inatosha kabisa.

Kozi unazochagua kwenye maombi nazo zifanane. Ukichanganya afya ya jamii na biashara ya kimataifa, utapata shida kujieleza kwenye usaili. Pia kumbuka ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili, kwa hiyo kwenye mipango ya kazi taja wizara, halmashauri au shirika la hapa Tanzania unalolenga.