Muulize Fundi: Kanda za video za MiniDV zinaganda, nizitupe?

SWALI: Fundi shikamoo. 2004 mimi na wenzangu tulishuti filamu fupi hapa Tanga kwa kamera ya Sony PD150 ya kuazima, hela ikakata katikati tukaiacha. Juzi mama kafungua sanduku kakuta kanda zetu zote 9. Nimeazima kihendikamu cha kampuni nyingine, kanda ya kwanza inacheza fresh, zilizobaki picha inaganda mraba mraba na sauti inakata. Nikichomeka USB kompyuta inaona memori kadi tu. Jamaa mmoja kasema zimekufa. Kweli? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Huyo jamaa mwache kwanza. PD150 inarekodi kwa namna mbili, DV ya kawaida na DVCAM, ile ya kikazi ya Sony, na mi nahisi kanda ya kwanza mliipiga kabla hamjagusa menyu halafu mtu akabadilisha. Kwenye DVCAM kanda inakimbia zaidi, njia ya data inakuwa na upana wa maikroni 15 badala ya 10, ndo maana kanda ya dakika 60 inaisha kwenye 40, na vikamera vingi vya nyumbani havijui kuisoma. Kwa hiyo tafuta PD150 nyingine au deki (mashine ya kuchezea kanda) ya DVCAM, maharusini zilipigwa sana hizo, wapiga picha wa zamani wengine bado wanazo kabatini.

Ila kabla hujaweka kanda ichungulie kwenye kile kidirisha, ukiona unga mweupe pembeni ya utepe hiyo ni fangasi ya unyevu, usiiweke kabisa itachafua hedi, kile kichwa kinachosoma kanda. Zilizo safi zipeleke mbele mpaka mwisho kisha zirudishe, zilegee. Na kamera ikitoka kwenye kiyoyozi ikakuandikia DEW, yaani umande umeingia ndani, iache wazi hata saa zima, usiilazimishe.

USB achana nayo, kwa kamera nyingi za enzi zile ni ya picha za mnato. Unataka FireWire, njia ya waya ya kupeleka video ya dijitali kwenye kompyuta, Sony wanaiita i.LINK, kile kitundu kidogo cha pini 4. Usidanganyike na ule waya wa bei chee wenye USB huku na FireWire kule, haufanyi kazi. Tafuta desktopu ya zamani yenye kadi ya FireWire na programu ya bure WinDV, picha inatoka vilevile ilivyo kwenye kanda, saa moja inachukua saa moja na kula kama GB 13. Ukipitia waya wa njano, ule wa kuchomeka kwenye TV, unaigeuza analogi halafu dijitali tena, hasara tupu.

SWALI: Ninunue kamera ya Panasonic DVX100 ya mtumba nishutie filamu yangu ya kwanza? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Kwa mapenzi, sawa, 2002 ilitikisa kweli kwa zile fremu 24 kwa sekunde, kama za sinema. Ila ya PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu, inatoa 25, na kanda za MiniDV zilizo nzima utazitoa wapi mdogo wangu? Shuti kwa simu, hela nunua maiki.